Injini ya Pampu Ikikataa Kushika: Uliza Kabla ya Kufungua

Somo letu la leo ni kwa kila kikundi na kila nyumba iliyo na injini ndogo ya petroli: ya pampu ya maji, ya jenereta ya duka, au ya mashine ya kukata nyasi. Tutazungumza zaidi juu ya pampu, kwa maana hapa kwetu, kutoka Subukia na Bahati hadi Njoro, Gilgil na Naivasha, ndiyo inayobeba mboga za kiangazi. Kuanzia Desemba hadi mvua ya Machi, nyanya haijui habari za spea. Ikikosa maji siku kumi wakati imetoa maua, maua yanaanguka. Hata pampu ikirudi kutoka kwa fundi siku ya kumi na moja, mavuno yamekwenda, na deni la mbegu na mbolea limebaki palepale.

Sisi tunaotembelea vikundi tumeyaona haya mara nyingi. Asubuhi pampu inakataa kushika. Vijana wanavuta kamba kwa zamu mpaka mikono inawauma. Mmoja analeta bisibisi. Kufika saa sita kabureta imelazwa juu ya gunia, skrubu moja imepotelea kwenye nyasi, na bado hakuna mtu aliyeuliza kama koki ya petroli ilifunguliwa.

Injini ndogo inataka vitu vinne tu: petroli safi, hewa safi, cheche ya moto kwa wakati wake, na kubana, yaani ule mgandamizo ambao mafundi wetu huuita kompreshani. Ikikataa kushika, kimoja kati ya hivyo vinne kimekosekana. Kazi yako ni kuuliza juu ya kila kimoja, kuanzia kile rahisi, bila kurukaruka. Shida nyingi zitajionyesha kabla hujafungua nati hata moja ya ndani.

Kwanza tazama kwa macho

Kabla ya kugusa kamba, zunguka injini polepole. Swichi imewashwa? Koki ya petroli imefunguliwa? Tangi lina kitu? Choki imevutwa, kama injini ni baridi? Mpira wa petroli haujapasuka wala kuliwa na panya? Waya wa plagi umekaa vizuri? Maswali haya yanaonekana ya watoto, lakini hata mtu mzima mwenye haraka huyasahau.

Halafu tazama oili. Weka injini mahali tambarare, fungua kifuniko chenye kijiti, pangusa kijiti, kirudishe ndani bila kukikaza, kisha kitoe na usome. Injini zilizoenea sana kwetu ni za nguvu za farasi 5.5, Honda GX160 na zile nyingi za Kichina zilizotengenezwa kwa kufuata mfano wake. Hizi zinabeba oili kidogo sana, kama lita 0.6. Ukipoteza kikombe kimoja, umepoteza sehemu kubwa ya oili yote.

Hapa kuna jambo ambalo limekula pesa za vikundi vingi. Nyingi ya injini hizi zina kifaa kidogo ndani ya oili, ambacho oili ikishuka sana kinakata moto wa plagi. Kimewekwa ili kuiokoa injini isijiue. Kinakata kwa kimya, hakipigi kelele wala hakiandiki barua. Sasa, oili pia huhama upande mmoja injini ikiwa imeinama. Kikundi kinatelemsha pampu hadi ukingo wa mto, wanaikalisha juu ya mteremko, na inakataa kabisa. Wananunua plagi mpya. Bado. Wananunua koili. Bado. Kumbe ilihitaji mawe mawili chini ya miguu ya upande mmoja ikae sawa, au oili ya kujazia. Kwa hivyo, kabla hujalaumu koili, tazama oili na tazama kama injini imekaa sawa. Fundi anaweza kuutoa waya wa kifaa hicho kwa dakika moja ili kupima kama ndicho kinachozuia. Baada ya kupima ni lazima aurudishe. Tumeona pampu ambazo waya huo ulikatwa kabisa ili zisisumbue tena. Zilifanya kazi vizuri mpaka siku oili ilipokwisha, na siku hiyo pistoni ikashikana na silinda.

Petroli: je, imefika, na ni petroli kweli?

Vuta kamba mara tano au sita, halafu toa plagi uitazame. Ikiwa imekauka kabisa, petroli haifiki. Ikiwa imelowa petroli, inafika, tena pengine imezidi. Hapo funga koki, ondoa choki, acha plagi nje ikauke dakika chache, kisha jaribu tena.

Kama petroli haifiki, fuata njia yake kutoka tangini. Chini ya kabureta kuna bolti ndogo ya kutolea uchafu. Weka chupa safi ya kioo chini yake, fungua koki, kisha legeza bolti. Petroli ikitiririka vizuri, tangi, chujio na mpira ni wazima, na shida iko mbele, kwenye vitundu vya ndani ya kabureta. Ikidondoka matone tu, rudi nyuma: kichujio kimeziba, au kile kikombe cha kunasa uchafu chini ya koki kimejaa.

Ile chupa usiimwage. Iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hivyo yakiwemo yatakaa chini kama tone kubwa au tabaka. Petroli iliyobebwa katika mtungi uliosuuzwa bila kukaushwa, au iliyomiminwa wakati wa manyunyu, inatosha kuleta shida hiyo.

Na je, ni petroli kamili? Kuchanganya mafuta ya taa katika petroli na dizeli kulizidi sana katika nchi yetu, hata mwaka 2018 Serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa ile faida ya kuchanganya. Tangu hapo mambo yamebadilika, lakini petroli ya chupa za kando ya barabara bado ni ya kujihadhari. Dondosha matone machache juu ya karatasi nyeupe, kivulini, mbali na moto. Petroli safi hukauka upesi na kuacha karatasi karibu kama ilivyokuwa. Yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta linalokaa.

Adui mkubwa zaidi, hata hivyo, ni petroli iliyolala. Mvua ikianza, pampu inasukumwa stoo na petroli yake tangini, inakaa humo kutoka Aprili hadi Desemba. Sehemu nyepesi ya petroli, ile inayoshika moto haraka, hupaa. Inayobaki huwa nzito na kugeuka kama gundi, inaziba kitundu cha kabureta ambacho hata kikiwa wazi ni chembamba sana. Kiangazi kinaanza, watu wanasema injini imezeeka. Haijazeeka. Fungua kabureta kwa uangalifu, safisha kitundu kwa petroli safi na hewa ya pampu ya baiskeli. Usitumie waya wala sindano, kwa sababu kitundu kikipanuka kidogo tu injini itakunywa petroli siku zote.

Dalili mbili zitakusaidia sana. Ya kwanza: injini inashika na kuendelea tu ukiwa umevuta choki, ukiirudisha inazimika. Hapo karibu kila mara kitundu kimeziba nusu, au kuna hewa inayoingia kwenye gasketi ya kabureta. Ya pili: injini inashika vizuri, inapiga kazi robo saa, halafu inakufa, na baada ya kupumzika inashika tena. Fungua kifuniko cha tangi ukisikiliza. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, kitundu cha kifuniko kimeziba kwa vumbi, na petroli inashindwa kushuka kwa sababu hakuna hewa ya kuchukua nafasi yake. Kuzibua ni kazi ya dakika moja.

Plagi inasema ukweli

Plagi ni kama ulimi ambao daktari anaomba kuuona. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, injini inakula vizuri. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria, petroli imezidi hewa: filta imeziba, choki imebaki imefungwa, au kuna sababu ya mwinuko tutakayoitaja hapa chini. Ikiwa nyeusi na yenye mafuta, oili inapanda kuingia mahali pa moto, na hapo ringi au valvu zimechoka. Ikiwa nyeupe kama majivu, petroli ni pungufu na injini inaungua kwa joto.

Isugue taratibu kwa brashi, tazama nafasi kati ya ncha zake. Kwa injini tulizotaja ni milimita 0.7 hadi 0.8. Kupima cheche, kwanza panguza petroli yote iliyomwagika na usogeze mtungi mbali. Ingiza plagi kwenye kofia ya waya wake, shika kofia yenyewe ya mpira, gusisha chuma cha plagi kwenye chuma cha injini mbali na tundu ilikotoka, kisha mwenzako avute kamba swichi ikiwa imewashwa. Cheche nzuri ni ya buluu na inalia. Ikiwa dhaifu ya manjano au hakuna, jaribu plagi nyingine nzima kwanza, kisha rudi kwenye ile habari ya oili na swichi. Koili ije mwisho kabisa, kwa sababu ndiyo ghali.

Vumbi letu

Wengi husema jina Nakuru limetoka kwa neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Mwenye injini hahitaji kuulizwa mara mbili kama anaamini. Lakini si vumbi tu kama lile la nchi nyingine. Udongo wetu mwingi umetokana na majivu ya volkeno. Pale Kariandusi, karibu na Gilgil, wanachimba ule unga mweupe wa diatomaiti, mabaki ya viumbe vidogo vya ziwa la zamani vyenye magamba ya silika, yaani kitu kile kile kinachotengeneza kioo. Unga kama huo hutumika, kati ya mambo mengine, katika dawa za kung'arisha vyuma. Maana yake unakula chuma. Sasa fikiria ukiingia kwenye silinda.

Injini hii ndogo ikizunguka kwa kasi yake ya kazi, mara kama 3,600 kwa dakika, inavuta zaidi ya lita 200 za hewa kila dakika. Ukimwagilia kwa saa nne imevuta zaidi ya lita 48,000, karibu matangi kumi ya lita 5,000. Yote hayo yanapita katika filta yenye ukubwa wa kiganja. Watengenezaji wanasema isafishwe kila baada ya saa 50, na penye vumbi kila baada ya saa 10. Sisi tuko penye vumbi. Kwa mtu anayepiga pampu saa mbili kwa siku, saa 10 ni siku tano.

Filta ya sponji ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, isuuzwe, ikauke kabisa, ilowekwe kwa oili safi ya injini, kisha ikamuliwe vizuri. Ile oili kidogo inayobaki ndiyo inayonasa vumbi. Filta ya karatasi haioshwi kwa petroli wala maji. Igonge polepole ivuje vumbi, na ikiwa imechafuka sana inunuliwe nyingine. Na usikubali mtu akuambie uondoe filta ati injini ipumue. Itapumua kweli, kwa msimu mmoja, halafu utanunua pistoni.

Oili nayo hubeba vumbi lililopenya. Ile ya kwanza ya injini mpya imwagwe baada ya saa 20, kisha kila saa 100 au miezi sita. Usimwage oili kuukuu mtoni. Maji hayo hayo yanarudi kwenye nyanya, na kwenye mtungi wa jirani aliye chini yako.

Injini na mwinuko

Mtu wa Marigat, mita 1,000 na kidogo juu ya usawa wa bahari, anamuuzia shemeji yake wa Molo pampu. Kule ilikuwa inanguruma. Molo, karibu mita 2,500, inatoa moshi mweusi na inavuta maji kwa unyonge, na shemeji wawili wanaanza kutazamana vibaya. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Injini hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu zake kwa kila mita 300. Nakuru mjini, mita 1,850 hivi, imepoteza karibu sehemu moja kwa tano. Molo imepoteza zaidi ya robo. Tena kabureta inaendelea kupima petroli ile ile kwa hewa iliyopungua, ndiyo maana plagi inakuwa nyeusi. Fundi anayejua anaweza kuweka jeti ndogo zaidi. Nguvu zilizopotea hazitarudi zote, lakini moshi utaisha na petroli itapungua.

Mwinuko huo huo unahusu kunyonya maji. Pampu hainyonyi kwa nguvu zake yenyewe. Ni uzito wa hewa unaosukuma maji juu. Kwa hivyo huku kwetu, hesabu mita 5, au 6 ukibahatika, kutoka maji yalipo hadi pampu ilipo. Injini ikizunguka vizuri na maji hayaji, usiiguse injini. Sogeza pampu karibu na maji, ijaze maji kabla ya kuwasha, tazama kama mpira wa kunyonya unavuja hewa kwenye klipu, na kama chujio la mtoni limefunikwa na majani. Kuizungusha kavu kunaunguza sili.

Kubana, na habari ya mafundi

Ukiwa na petroli, hewa na cheche, na bado kimya, vuta kamba polepole. Lazima ufike mahali inapokukataza kidogo. Ikizunguka laini kama gurudumu la baiskeli, hakuna kubana. Toa plagi, mimina kijiko kidogo cha oili ndani, rudisha, vuta tena. Kukirudi kubana, ringi zimelika. Hali ikibaki vile vile, tazama valvu. Huenda zinahitaji kurekebishwa tu, si kununuliwa. Hapa ndipo mwisho wa mkulima na mwanzo wa fundi.

Wacha niseme jambo moja juu ya mafundi. Wengi wa jua kali ni watu wa kuaminika na wana akili ya mikono ambayo sisi wa diploma hatuna. Lakini mteja akisema tu "imekataa", fundi analazimika kubahatisha, na kubahatisha kunalipwa na mteja. Mteja akisema "petroli inafika, cheche ipo, filta ni safi, nimeweka oili kidogo na kubana kumerudi", mazungumzo ni mengine kabisa. Na kina mama wasiogope kusema hivyo. Hakuna katika hayo yote kinachohitaji misuli. Omba kuonyeshwa spea kuukuu, uende nayo nyumbani.

Usifanye haya

Usitie petroli injini ikiwa moto. Subiri ipoe. Usikague tangi kwa kiberiti wala koroboi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka kwenye jiko lililo mbali usilolifikiria. Watu wa upande wetu hawahitaji kuelezwa sana juu ya hili: tarehe 31 Januari 2009, pale Sachangwan karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa.

Usinyonye petroli kwa mdomo kuihamisha. Ikishuka kwenye mapafu inaweza kuua. Usiiweke katika chupa ya soda mahali watoto wanafika. Na stima ikipotea, usiwashe jenereta ndani ya duka au chumba ulichofunga kwa kuogopa wezi. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu husikia kichwa kikiuma na usingizi, basi.

Daftari na maswali ya kikundi

Nunueni daftari moja likae pamoja na pampu. Kila anayeitumia aandike tarehe, saa alizopiga, petroli aliyotia, na kama alitazama oili na filta. Bila daftari hakuna anayejua saa 100 zimefika lini, na kila mmoja atasema ni yule wa jana aliyeiharibu. Mvua ikianza, mwagusheni tangi, washeni injini mpaka ijizime yenyewe, kisha fungueni ile bolti ya kabureta itoke iliyobaki.

Katika mkutano ujao jadilianeni haya. Pampu yetu ina ile swichi ya oili au haina, na nani kati yetu anajua kuionyesha? Filta ilisafishwa mara ya mwisho siku gani? Kutoka maji yalipo hadi pampu inapokaa ni mita ngapi wakati mto umeshuka? Petroli tunanunua wapi, na mtungi ni wa petroli peke yake? Nani ataweka daftari, na akisafiri nani atalishika? Leteni pampu yenyewe kwenye mkutano, na kila mwanakikundi, mzee kwa kijana, atoe plagi kwa mkono wake, aseme ni ya rangi gani.